NJIA PANDA SITA ZA ASHA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kusoma Hadithi

  

Kila kikundi kikae mahali ambapo redio inasikika vizuri. Mwalimu wa kikundi aandike ubaoni maneno haya manne: mche, kibali, kivuli, njia panda. Yasomeni pamoja kwa sauti.

(Kituo kidogo.)

Vema. Mche ni mmea mchanga. Kibali ni ruhusa iliyoandikwa. Kivuli mnakijua. Njia panda ni mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili, na msafiri hana budi kuchagua. Shikeni sana neno hili la mwisho, kwa kuwa ndilo somo letu la leo.

Leo tunajifunza namna ya kusoma hadithi. Sisemi kusoma herufi tu, maana herufi wengi wenu mmekwisha kuzishika. Nasema kuisoma hadithi mpaka ikupe kitu cha kwenda nacho nyumbani. Watu wengi wakisoma hadithi huuliza swali moja tu: "Iliishaje?" Swali hilo si baya. Lakini liko swali jingine lenye faida zaidi, nalo ni hili: "Mtu huyu alibadilika wapi?"

Fikirini mpunga. Hakuna mtu aliyewahi kuuona mpunga ukikua. Unaweza kukaa kando ya jaruba mchana kutwa usione kitu. Hata hivyo mkulima anazijua siku kubwa za mpunga wake: siku ya kupandikiza, siku ya palizi, siku unapotoa masuke. Akiulizwa habari za shamba, atazitaja siku hizo. Mtu wa hadithi naye ni vivyo hivyo. Hatumwoni akikua, lakini ziko siku kubwa. Siku hizo ndizo ninazoziita njia panda.

Bibi zetu walilijua jambo hili. Walitusimulia habari za msichana aliyekutana na zimwi. Mwanzoni msichana yule ni mwoga au ni mtukutu, na mwishoni ndiye anayewaokoa wenzake. Hata nchi za mbali wanazo hadithi za namna hiyo. Huko Japani, mwaka 2001, Bwana Hayao Miyazaki alitoa sinema ya picha za kuchorwa. Ni habari za mtoto wa kike wa miaka 10 aitwaye Chihiro. Wazazi wake wanageuka nguruwe, naye anakwenda kutumika katika nyumba ya kuogea ya mizimu. Mchawi mwenye nyumba anamnyang'anya jina lake. Mwanzoni mtoto huyo anaogopa hata kuteremka ngazi. Mwishoni yeye ndiye anayewakomboa wazazi wake. Watoto wenu huziona sinema za namna hiyo katika simu na katika mabanda ya video. Msidhani wanapoteza wakati bure. Waulizeni tu: "Alibadilika wapi?"

Lakini leo nimechagua hadithi ya jirani zetu. Ni sinema fupi ya dakika 20 hivi, na jina lake ni la Kiswahili: Pumzi. Aliyeitunga na kuiongoza ni Bibi Wanuri Kahiu wa Kenya, mwaka 2009. Mwaka 2010 ilionyeshwa katika tamasha la sinema la Sundance, Marekani. Si habari ya kweli. Ni ndoto ya siku zijazo, kama hadithi za kale zilivyokuwa ndoto ya siku zilizopita. Kijana wa kike aliye katika hadithi hiyo anaitwa Asha.

Tutaisimulia kwa kufuata njia panda sita. Katika kila njia panda tutauliza maswali matatu. Mwalimu wa kikundi ayaandike ubaoni:

1. Alikuwa na nini?
2. Alichagua nini?
3. Alilipa nini?

Swali la tatu ndilo kubwa. Mtu asiyelipa kitu hajakua; amesogea tu.

Sasa sikilizeni.

Katika hadithi hii imepita miaka 35 tangu Vita Kuu ya Tatu, vita vya kugombania maji. Nje hapana mti wala mto wala nyasi. Ni mchanga mtupu. Watu waliobaki wanaishi ndani ya jengo kubwa lililofungwa. Mahali hapo panaitwa Maitu, neno la Kikikuyu lenye maana ya mama. Maji ni ya kipimo. Hata jasho na mkojo hukusanywa na kusafishwa ili vinywewe tena. Watu hawazungumzi kwa midomo. Mashine husema kwa niaba yao. Asha ni mtunzaji wa makumbusho. Kazi yake ni kutunza vitu vya kale vilivyokauka: mizizi, mbegu, na habari za miti.

Njia panda ya kwanza. Asha amelala, akaota mti mkubwa wa kijani. Mara mashine ikamwamsha na kumwamuru anywe dawa ya kuzuia ndoto. Alikuwa na nini? Alikuwa na ndoto. Alichagua nini? Alichagua kutii, akainywa dawa. Alilipa nini? Hakulipa kitu. Basi hapa hajakua bado. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Shujaa wa hadithi nzuri haanzi akiwa shujaa. Anaanza akiwa kama sisi.

Njia panda ya pili. Siku moja aliletewa kisanduku. Hakuna aliyejua kimetoka kwa nani. Ndani yake mlikuwa na udongo. Asha aliupima, akaona hauna sumu, tena una unyevu. Angeweza kuuweka rafuni na kubandika karatasi yenye namba. Ndiyo kazi aliyopewa. Badala yake alichukua mbegu ya kale iliyokuwa katika makumbusho, akaipanda, akaimwagia maji ya kipimo chake mwenyewe. Mbegu ikaota. Alilipa nini? Alilipa maji yake ya kunywa. Mkulima anaelewa malipo haya kuliko mtu mwingine yeyote. Mbegu ni chakula ambacho umekubali kutokukila leo.

Njia panda ya tatu. Asha alikwenda mbele ya Baraza, akaomba kibali cha kutoka nje ili atafute mahali udongo ule ulipotoka. Baraza likamjibu kwamba nje hakuna uhai. Aliweza kusema, "Samahani, nilikosea," na kurudi kazini kwake. Hakusema hivyo. Alishikilia lile aliloliona kwa macho yake. Wakaja walinzi, wakaharibu makumbusho yake, naye akapelekwa kufanya kazi ya kuzungusha mashine za kutoa umeme kwa nguvu za mwili. Alilipa nini? Alilipa kazi yake na heshima yake.

Simamisheni kidogo hapa. Kila mtu amwambie jirani yake: Je, Asha alikuwa mkaidi au mkweli? Semeni na sababu.

(Kituo cha dakika mbili.)

Tuendelee. Njia panda ya nne ni ndogo, na wengi huipita bila kuiona. Kabla ya mambo hayo, chooni mle alikuwamo mama mmoja mfagiaji. Asha alimpa mama huyo sehemu ya maji yake. Hakuna aliyemwona, wala hakutegemea malipo. Baadaye, Asha aliposhushwa cheo na kulindwa, ni mfagiaji huyo huyo aliyemsaidia kutoroka na mche wake. Mkumbuke kwamba njia panda nyingine hazina kelele. Mtu huchagua Jumatatu, na matunda yake huyaona Ijumaa.

Njia panda ya tano. Asha ametoka nje. Jambo la kwanza aliloliona ni takataka. Watu wa Maitu walitunza kila tone la maji ndani, lakini taka zao walizitupa nje, mahali ambapo hawatazami. Mbele yake kuna jangwa na jua kali. Mlango bado uko nyuma yake. Akajifunga nguo kichwani, akatembea. Akatembea mpaka miguu ikachoka. Mti wa kijani aliouota hakuukuta. Ndugu zangu, hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Ni rahisi kuendelea unapokiona unachokitafuta. Asha aliendelea baada ya kuona kwamba hakipo. Alilipa nini? Alilipa ndoto yake yenyewe. Tangu hapo hakuwa mtu wa kutafuta mti. Akawa mtu wa kuupanda.

Njia panda ya sita na ya mwisho. Akachimba kwa mikono, akauweka mche, akaumwagia maji yote yaliyobaki. Akakamua jasho lake juu ya mche. Jua likazidi kuwa kali. Basi akajilaza kando yake, akaufunika kwa nguo na mwili wake, akawa kivuli. Hakuinuka tena. Kisha picha inapanda juu, juu zaidi, mpaka Asha anaonekana kama nukta mchangani, na hapo alipolala unainuka mti.

Hiyo ndiyo hadithi.

Sasa nitawaeleza yaliyotokea nilipoichukua hadithi hii katika darasa moja karibu na mto Mbaka. Niliionyesha kwa kompyuta ndogo, nami nikasimulia kwa Kiswahili. Ilipokwisha, mzee mmoja alicheka sana. Akasema, "Mwalimu, umetuletea habari za kiu sisi watu ambao kila Aprili maji yanaingia mpaka jikoni?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Mzee alikuwa na haki. Kyela hupata mvua kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mto Kiwira, mto Lufilyo, mto Mbaka na mto Songwe yote yanamwaga maji katika Ziwa Nyasa, na ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi mahali penye kina kirefu kuliko pote. Nani atamwogopesha mtu wa Kyela kwa ukame?

Nikamwuliza mzee, "Baba, mto huu ulipokuwa wewe mtoto ulikuwa namna hii?"

Akanyamaza kidogo. Akasema kwamba zamani kingo zilikuwa na miti mikubwa, na watoto walikatazwa kuikata. Sasa mahindi yamefika mpaka ukingoni, na kila masika mto unakula hatua chache za shamba. "Maji ni yale yale," akasema, "ila siku hizi yanakuja na udongo wetu."

Sikuongeza neno. Yeye mwenyewe alikwisha kuona kwamba hadithi haikuwa ya kiu tu. Ilikuwa habari ya watu wanaotunza kilicho ndani ya nyumba na kutupa kilicho nje.

Kisha akasimama mama mmoja, mfinyanzi wa vyungu. Mama huyu huzungumza kwa nadra. Akauliza, "Mwalimu, na yule mama mfagiaji, mbona hakwenda naye?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na njia panda sita zilizopangwa vizuri katika daftari langu, zote za Asha. Sikuhesabu kwamba mfagiaji naye alikuwa na njia panda yake pale pale mlangoni. Baraza walikuwa na yao. Wale wote waliokuwa wakizungusha mashine walikuwa na yao. Mama akaendelea: "Wangekuwa wanne, mmoja angechimba, mmoja angebeba maji, wawili wangeshika kanga juu ya mche. Hakuna ambaye angekufa."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Nadhani mama yule aliisoma hadithi vizuri kuliko mimi niliye na diploma ya chuo kikuu. Hadithi inamsifu Asha, nayo ina haki ya kumsifu. Lakini kifo chake si kipimo cha ukubwa wake peke yake. Ni kipimo cha upungufu wa wenzake pia. Mtu mmoja akilipa gharama ya watu wote, tumsifu, kisha tujiulize: wengine walikuwa wapi?

Na jambo hili si la hadithi tu. Bibi Wanuri Kahiu, mwaka ule ule wa 2009, alitengeneza sinema nyingine ya habari za kweli kuhusu Profesa Wangari Maathai. Huyu alikuwa mama wa Kenya aliyeanza tarehe 5 Juni 1977 kwa kupanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Yeye hakulala peke yake juu ya mche. Aliwakusanya akina mama wa vijijini, wakaanzisha vitalu, wakafundishana, na kwa kila mche uliokamata walilipwa fedha kidogo. Chama chao, Ukanda wa Kijani, kimepanda miti zaidi ya milioni 50. Naye alipata mateso: alipigwa, alifungwa. Lakini kwa kuwa walikuwa wengi, miti haikufa naye. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011, na vitalu vinaendelea.

Basi, wekeni picha hizi mbili kando kando. Asha wa hadithi anatufundisha kwamba hakuna kukua bila kulipa. Wangari wa kweli anatufundisha kwamba malipo yakigawanywa hayamwui mtu.

Sasa turudi ukingoni kwa mto Mbaka. Nchi yetu inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Wengi wamesikia habari za sheria hii, lakini wachache wameisoma wenyewe. Hii ndiyo faida moja ya kujua kusoma. Mtu akija na karatasi akasema, "Imeandikwa hivi," nawe unaweza kusema, "Nipe nisome."

Lakini sheria haipandi mti. Anayelima ukingoni hulima kwa sababu ana watoto wa kulisha, na ardhi ya rutuba iko pale. Tukimwambia arudi nyuma hatua 80 peke yake, tunamwambia awe Asha. Atapoteza mahindi yake, na jirani atalima mpaka majini. Ndiyo maana neno hili linafaa kuamuliwa katika mkutano wa kijiji, watu wote wa ukingo mmoja wakirudi nyuma siku moja, na penye pengo pakapandwa miti ambayo ina faida. Sikuja kuwaamulia. Nimekuja kuwaonyesha kwamba hapa pana njia panda, na kwamba maswali yetu matatu yanafaa hata nje ya kitabu. Tuna nini? Tunachagua nini? Nani atalipa, na atalipa peke yake?

Sasa ni wakati wa kazi. Fungueni madaftari. Mwalimu wa kikundi asome sentensi hizi polepole, nanyi mziandike:

Asha alikuwa na mche mmoja.
Aliomba kibali, akanyimwa.
Alitembea juani.
Aliupa mche maji yake na kivuli chake.
Mti ukakua.

(Kituo cha dakika tano.)

Maswali ya mazungumzo:

1. Katika njia panda sita za Asha, ni ipi iliyo kubwa kuliko zote? Kwa nini?
2. Mama mfagiaji alifanya vema au alifanya nusu ya vema?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayelipa peke yake gharama ya jambo la wote?

Na kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja aandike njia panda moja ya maisha yake mwenyewe. Msiandike ndefu. Sentensi tatu zatosha: nilikuwa na nini, nikachagua nini, nikalipa nini. Anayeogopa kuisoma mbele ya wenzake asilazimishwe.

Nitawasomea moja, kwa ruhusa ya aliyeiandika. Ni yule mama mfinyanzi. Aliiandika wiki moja baada ya siku ile, kwa mkono wake, na herufi zake ni kubwa kama vyungu vyake. Anasema: "Nilikuwa na kidole gumba cha kuweka sahihi. Nikachagua kuja darasani. Nililipa kuchekwa na majirani, na sasa wawili kati yao wanakuja nami."

Ndugu wanafunzi, tazameni sentensi yake ya tatu. Asha hakuipata.

Somo limekwisha. Wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama ya leo, tutasoma barua: namna ya kuandika kwa ofisi ya kijiji na kubakiza nakala. Njooni na karatasi mbili na bahasha. Kwaherini, na Mungu awape usiku mwema.